Beltway ya Washington (I-495): maswali ambayo wageni wetu huuliza kila mara

Anayehamia Maryland au kaskazini mwa Virginia hukutana na barabara hii siku ileile anayotua. Maswali haya nimeyakusanya kwa wageni niliokwenda kuwapokea uwanja wa ndege, na majibu ni yale ninayowapa tukiwa ndani ya gari. Ramani ya simu inasaidia sana. Ila mtandao ukikatika, au ukipitwa na njia moja ya kutokea, unahitaji kuwa na picha ya barabara nzima kichwani. Picha hiyo ndiyo ninayotaka uondoke nayo.

Beltway ni barabara gani hasa?

Ni barabara kuu inayolizunguka jiji la Washington kwa nje, ikikata vitongoji. Upande wa Maryland inapita kaunti za Montgomery na Prince George's. Upande wa Virginia inapita kaunti ya Fairfax na jiji la Alexandria. Jina lake kamili ni Capital Beltway, na namba yake ni Interstate 495 (Interstate, au I kwa kifupi, ni barabara kuu za kitaifa za Marekani). Duara zima lina maili 64, karibu kilomita 103. Maili 42 ziko Maryland na 22 ziko Virginia. Washington yenyewe inaguswa kidogo mno, juu ya mto Potomac, kwa sekunde chache tu za safari.

Hakuna taa za kusimamisha magari, hakuna kipilefti, hakuna kivuko cha waenda kwa miguu. Unaingia kwa njia ya pembeni na kutoka kwa njia ya pembeni, ambayo hapa kila mtu anaiita eksiti, nami nitaiita hivyo. Sehemu kubwa ina leni nne kila upande. Mwendo unaoruhusiwa ni maili 55 kwa saa, sawa na kama kilomita 88. Kumbuka kwamba dashibodi ya huku inasoma maili.

Kwa nini 495? Na 395 je, ni ndugu yake?

Ndiyo, ni ndugu wa mzazi mmoja. Tarakimu mbili za mwisho zinamtaja mzazi: Interstate 95, inayopanda mwambao wote wa mashariki kutoka Miami hadi mpaka wa Kanada. Tarakimu ya kwanza inaeleza tabia ya mtoto. Ikiwa shufwa, kama 4, barabara huuzunguka mji au humrudia mzazi wake mbele ya safari. Ikiwa witiri, kama 3, mara nyingi ni tawi linaloingia mjini na kuishia humo. Kwa hiyo 495 inazunguka, na 395 inakupeleka katikati ya Washington. Kanuni hii itakusaidia katika miji mingi ya Marekani, siyo hapa tu.

Redio inasema kuna ajali "Inner Loop". Hiyo ni barabara nyingine?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ukilielewa umeshaielewa nusu ya Beltway. Wageni wengi hudhani kuna duara dogo ndani ya duara kubwa. Barabara ni moja. Inner Loop ni upande mmoja wa magari, Outer Loop ni upande wa pili, na kati yao kuna ukuta wa zege.

Fikiria saa ya ukutani. Magari yanayofuata mwendo wa mishale ya saa yako Inner Loop, yaani mzunguko wa ndani. Yanayokwenda kinyume yako Outer Loop, mzunguko wa nje. Majina hayo yanatokana na gari kukaa kulia. Ukizunguka kwa kufuata mishale ya saa, jiji liko mkono wako wa kulia, na leni zako ndizo zilizo karibu nalo zaidi. Aliyejifunza kuendesha Goma, Bujumbura au Kigali analiona hili mara moja. Sisi tuliotoka Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea kukaa kushoto, kwa hiyo picha inatupindukia: duara kama hili lingejengwa Dar es Salaam, anayefuata mishale ya saa ndiye angekuwa upande wa nje.

Acha saa kama inakuchanganya. Jiulize swali moja: Washington iko mkono wangu gani? Ikiwa kulia, uko Inner Loop. Ikiwa kushoto, uko Outer Loop. Jibu halibadiliki popote ulipo katika maili zote 64.

Si rahisi zaidi kufuata vibao vya kaskazini na kusini?

Kwenye barabara iliyonyooka, ndiyo. Kwenye duara, hapana, maana dira inageuka pamoja nawe. Mtu anayetoka Tysons, Virginia, kwenda Silver Spring, Maryland, kwa Inner Loop anaanza akielekea kaskazini na kumaliza akielekea mashariki, bila kubadili barabara. Akiendelea mbele zaidi atakuwa anashuka kusini.

Pabaya zaidi kwa mgeni ni daraja la Woodrow Wilson. Ukitoka Alexandria kwenda Maryland, kibao kinasema 95 North, na wewe kwa macho yako unalivuka daraja ukielekea mashariki. Kibao hakijakosea. Kinazungumzia safari ndefu ya 95, ambayo mwisho wake uko kaskazini, hata kama kipande hiki kimekunja kona. Ndiyo maana nasisitiza mkono wa kulia na wa kushoto.

Kwa nini upande wa mashariki una namba mbili, 95 na 495?

Hapa kuna historia ninayoipenda, na nitakaa nayo kidogo.

Beltway ilikamilika tarehe 17 Agosti 1964, duara zima likafunguliwa kwa magari likiwa na namba 495. Mpango wa wakati ule ulikuwa 95 ipite moja kwa moja ndani ya Washington: iingie kutokea Virginia, ikate jiji, itokee upande wa Maryland na kuendelea hadi Baltimore. Beltway ingekuwa ya wale wasiotaka kuingia mjini.

Wakazi walikataa. Ili barabara ipite, nyumba nyingi zingebomolewa, na katika mitaa mingi iliyolengwa waliokuwa wakiishi ni Wamarekani weusi. Kamati ya wananchi, iliyokuwa na watu kama Reginald Booker na Sammie Abbott, ilipinga kwa maandamano na mabango. Kauli mbiu yao ilikuwa kali: barabara za Wazungu zinapitishwa ndani ya nyumba za watu weusi. Abbott alikuja kuwa meya wa Takoma Park, mji mdogo uliokuwa kwenye mkondo wa barabara hiyo. Mapambano yalichukua miaka, na mwishowe barabara haikujengwa. Sehemu kubwa ya fedha ilihamishiwa kwenye treni za Metro, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1976.

Sasa 95 ikawa imekatika katikati. Mwaka 1977 ikapewa nusu ya mashariki ya Beltway, ili anayetoka Florida kwenda New York alizunguke jiji badala ya kulipasua. Kwa miaka kadhaa nusu ya mashariki ikaitwa 95 peke yake na ya magharibi ikabaki 495, jambo lililowachanganya watu mno: duara moja, majina mawili. Mwaka 1991 namba 495 ikarudishwa upande wa mashariki, sambamba na 95. Hivyo basi, duara lote sasa ni 495, na upande wa mashariki, kuanzia Springfield hadi College Park, ni 95 pia.

Nenda eksiti 27, pale College Park, utaiona historia hii kwa zege. 95 inashuka kutoka Baltimore ikiwa pana, imefika kwenye Beltway, halafu makutano yenyewe yanaonyesha wazi kwamba ilikusudiwa kuendelea mbele. Haikuendelea. Kila nikipanda treni ya Red Line kupita Takoma, nawashukuru wale waliosimama.

Eksiti zinahesabiwaje? Nilikuwa 54, nikaona 57, kisha ghafla 170!

Hukuota. Hesabu inaanza sifuri kwenye mto, daraja la Woodrow Wilson, upande wa Maryland. Kutoka hapo inapanda ukifuata Outer Loop: 2 ni National Harbor, 7 ni Branch Avenue, 19 ni barabara ya US 50 iendayo Annapolis, 25 ni College Park, 30 ni Colesville Road ya Silver Spring, 31 ni Georgia Avenue, hadi 41 karibu na mto tena. Ukiingia Virginia kwa magharibi hesabu inaendelezwa kwa ustaarabu mzuri: 45 ni njia ya uwanja wa Dulles, 46 na 47 ni Tysons, 49 ni Interstate 66, na 57 ni Springfield.

Kuanzia Springfield, barabara imeungana na 95, na Virginia inazihesabu eksiti za 95 kwa maili kuanzia mpaka wake na North Carolina. Springfield iko maili 170 kutoka mpaka huo. Kwa hiyo zinafuata 173, 174, 176 na 177, kisha unavuka mto na kurudi kwenye namba ndogo za Maryland.

Faida yake ni hii: namba za eksiti ni maili. Kutoka eksiti 30 hadi 20 ni kama maili kumi. Kutoka 45 hadi 30 ni kama 15. Toa tu, umepata umbali. Na ukitaka kuhakikisha duara, chukua 57 za kwanza, ongeza saba za kutoka 170 hadi 177, utapata 64.

Kwa nini kila foleni kubwa inaishia kwenye daraja?

Kwa sababu duara lote linavuka Potomac mara mbili tu, na pembeni ya madaraja hayo nafasi za kuvuka ni chache mno.

La magharibi ni American Legion Bridge, lililofunguliwa mwaka 1962 kwa jina la Cabin John na kubadilishwa jina mwaka 1969. Lina leni kumi. Ukilikosa na kutaka kuvuka mto juu zaidi, daraja linalofuata liko Point of Rocks, mbali sana mashambani. Zamani kulikuwa na kivuko cha White's Ferry katikati, lakini kilisimama mwishoni mwa mwaka 2020. Watu wengi hulala Maryland na kufanya kazi Tysons, na wote wanapita tundu hilo moja.

La kusini ni Woodrow Wilson. Lile la kwanza lilifunguliwa mwaka 1961 likiwa na leni sita, limekusudiwa magari 75,000 kwa siku. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 lilikuwa likibeba karibu 200,000. Likajengwa jipya: nusu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2006, ya pili 2008, na sasa lina leni 12. Ni daraja linalofunguka katikati kupisha meli, jambo adimu kwenye barabara za Interstate. Jipya liko juu zaidi ya maji, kama mita 21, kwa hiyo halifunguki mara nyingi kama la zamani. Lina pia njia ya miguu na baiskeli upande wa kaskazini, na kutoka hapo unaona Washington yote hadi jengo la Bunge. Mpeleke mgeni jioni.

Ukikaribia daraja hilo, leni zinagawanyika makundi mawili, la wasafiri wa mbali na la wenye kutoka karibu. Soma kibao mapema. Ukiingia kundi la mbali, huenda usiweze kutokea eksiti za karibu.

Nimetua Dulles, kaka yangu yuko Silver Spring. Nipite wapi?

Wengi wetu tunatua Dulles, hasa wanaokuja na ndege za Addis Ababa. Ukitoka uwanjani kuna barabara mbili zinazokwenda sambamba. Fuata ya katikati, Dulles Access Road. Ni ya watu wa uwanja wa ndege na haina tozo. Zile za pembeni, ambazo ni Toll Road, zinalipiwa.

Access Road itakufikisha Beltway, eksiti 45. Ingia upande wa kaskazini, unaoelekea Maryland. Washington itakuwa kulia kwako, maana yake Inner Loop. Utavuka American Legion, na namba zitaanza kushuka: 41, 40, 39. Kwenye 38 usivutwe na vibao vya Interstate 270, barabara iendayo Frederick. Endelea na 495. Kati ya 34 na 31 barabara inapindapinda kufuata bonde la mto Rock Creek, kona zimebana kuliko kwingine kote, kwa hiyo punguza mwendo na usishindane na mtu. Kisha 31 au 30, umefika. Ukiwa umetua saa kumi au kumi na moja jioni siku ya kazi, kula kwanza kitu uwanjani. Sehemu ya kutoka Tysons hadi darajani jioni ni mateso.

Ninakwenda Gaithersburg au Germantown. Ni eksiti 35 au 38?

Inategemea unatoka wapi. 270 inaungana na Beltway kwa matawi mawili yenye umbo kama la herufi Y. Ukitoka Virginia kwa Inner Loop, chukua 38. Ukitoka Silver Spring kwa Outer Loop, chukua 35. Hatari iko kwa asiyekwenda huko: ukiwa Outer Loop unaelekea Virginia, kaa leni za kushoto kabla ya mgawanyiko, la sivyo utajikuta njiani kwenda Frederick.

Watu wanaogopa Springfield. Kuna nini?

Barabara tatu zinakutana hapo: 95 inayotoka kusini, 395 inayoingia mjini, na 495 inayozunguka. Wenyeji wanapaita Mixing Bowl, bakuli la kuchanganyia, na zamani lilistahili jina hilo, kwa sababu magari ya pande zote yalilazimika kukatana kwenye leni zilezile. Kati ya mwaka 1999 na 2007 palijengwa upya, kila mkondo ukapewa daraja lake. Leo ukichagua leni mapema, barabara inakubeba yenyewe. Kibao kikubwa kinakuja zaidi ya maili moja kabla. Kilichobaki kuwa kigumu ni wingi wa madaraja unayoyaona juu yako. Yasikutie hofu, yako ni moja tu.

Beltway inalipiwa?

Leni za kawaida ni bure, Maryland na Virginia. Kinacholipiwa ni leni za Express, zilizofunguliwa mwezi Novemba 2012 ndani ya Virginia, upande wa magharibi wa duara, kuanzia Springfield, katikati ya barabara. Bei yake hupanda foleni ikizidi na kushuka ikipungua, na inaonyeshwa kwenye kibao kabla hujaingia. Hakuna kibanda cha kulipia. Kunahitajika kifaa cha E-ZPass kwenye kioo. Bila hicho kamera inapiga picha namba ya gari, na ankara inakuja nyumbani ikiwa na ada juu yake.

Familia zenu zina bahati hapa. Mkiwa watatu au zaidi ndani ya gari, mtoto mchanga akiwemo, leni hizo ni bure. Sharti ni kifaa cha aina ya Flex, kikiwa kimegeuzwa upande wa HOV, yaani gari lenye watu wengi, kabla ya kuingia. E-ZPass ya kawaida haitoshi, utakatwa pesa hata mkiwa saba.

Yale mapaa ya dhahabu juu ya miti ni ya kanisa gani?

Ni hekalu la Wamormoni, liko Kensington, liliwekwa wakfu mwaka 1974. Ni jeupe, lina minara sita, na mrefu kuliko yote una mita 88. Ukiwa Outer Loop kati ya Georgia Avenue na Connecticut Avenue, linatokea mbele yako kama limeota katikati ya barabara. Watoto hulisubiri kila safari. Ndani huingii kama si muumini, lakini kuna kituo cha wageni na bustani.

Ninahitaji kwenda ubalozini kushughulikia pasipoti. Beltway inanifikisha?

Haikufikishi. Balozi za Tanzania na Kenya ziko ndani kabisa ya jiji, upande wa Dupont Circle, ambako kuegesha gari ni ghali na ni shida. Acha gari kwenye kituo cha Metro kilicho karibu na Beltway. Ukitoka upande wa Silver Spring, Red Line inakushusha Dupont Circle bila kubadili treni. Ukitoka Baltimore kwa 95, kituo cha Greenbelt kiko eksiti 24.

Gari likiniharibikia katikati?

Jitahidi ulifikishe kwenye bega la kulia la barabara, washa taa za tahadhari, na ubaki ndani na mkanda ukiwa umefungwa kama huwezi kuvuka kizuizi cha pembeni kwa usalama. Usisimame kati ya gari lako na leni. Piga 911 kama kuna hatari. Majimbo yote mawili yana magari ya doria yanayosaidia waliokwama bila malipo. Na ukimwona mwingine amesimama pembeni, sheria za huku zinakutaka uhamie leni ya mbali naye, au upunguze mwendo.

Nimepitwa na eksiti yangu. Nirudi nyuma kidogo?

Kamwe. Hata mita tano. Endelea hadi inayofuata, toka, geuka, rudi.

Naweza kulizunguka duara lote ili nijifunze?

Unaweza, na ninawashauri wageni wote wafanye hivyo. Chagua Jumapili alfajiri. Kwa mwendo wa maili 55 ni kama saa moja na dakika kumi. Anza Silver Spring, eksiti 30, uingie Outer Loop ili namba ziwe zinapanda na jiji libaki kushoto kwako. Litakuja hekalu, kisha kona za Rock Creek, mgawanyiko wa 270 ambapo unashika kushoto, daraja la American Legion, majengo marefu ya Tysons, madaraja ya Springfield, namba za mia moja na sabini, mto tena pale Woodrow Wilson, kambi ya jeshi la anga ya Andrews, kisha eksiti za uwanja wa mpira wa Landover. Ukifika College Park 95 itakuacha kwenye eksiti 27 na kuelekea Baltimore. Wewe baki na 495. Zimebaki maili tatu.